Binti yangu ameitwa kwenye usaili wa vyuo vitatu vya udaktari Marekani: nafasi yake halisi ni ipi?

Mama Neema, 9 Novemba

Wanajukwaa, naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo yangu, kwa kuwa jambo lenyewe nimeshindwa kulieleza kwa kifupi hata kwa ndugu zangu walioko Moshi.

Binti yangu wa kwanza alimaliza shahada ya biolojia mwaka jana hapa Ohio, na mwezi Juni aliomba nafasi ya kusomea udaktari katika vyuo 22. GPA yake, yaani wastani wa alama za shahada, ni 3.71, na alama yake ya MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, ni 510. Vyuo 17 vilimtaka aandike insha za ziada, kila kimoja na ada yake, nami niliacha kujumlisha gharama nilipofika dola 3,000. Hadi leo vyuo vitano vimemkataa, vingi viko kimya, na vitatu vimemwita kwenye usaili: viwili kwa njia ya Zoom na kimoja ana kwa ana, mwendo wa saa nne kwa gari.

Nyumbani mtu akifaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia) huomba chuo, akasubiri majina yatoke, basi. Sikuwahi kusikia mtoto mwenye alama zake akikalishwa na kuulizwa kwa nini anataka kuwa daktari. Dada yangu aliponipigia akaniuliza, "Sasa kama alama anazo, wanamhoji nini tena?" nilikosa la kumjibu, maana mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee na mambo ya kamati za vyuo siyajui.

Jioni tunafanya mazoezi jikoni. Neema huegemeza simu yake kwenye chupa ya chai ili ajirekodi, mimi nikashika karatasi ya maswali na kujifanya mzungu. Nimegundua kwamba kila anapomaliza jibu hunitupia jicho mimi badala ya kuitazama simu, kana kwamba anaomba ruhusa ya kuendelea.

Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, kwa mialiko mitatu, uwezekano wa kupata chuo ni upi? Pili, kuna mkufunzi wa usaili anayetaka dola 900 kwa saa tano, je, inafaa? Tatu, je, kuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Afrika kunamsaidia, kunamdhuru, au hakuna maana yoyote?

Kikokotoo, 9 Novemba

Mama Neema, hongera kwa malezi. Hesabu yako si ngumu. Tukichukulia kwamba kila usaili ni nusu kwa nusu, basi uwezekano wa kukosa vyote vitatu ni moja ya nane. Maana yake ni kwamba binti yako ana asilimia 87.5 za kupata angalau chuo kimoja. Dola 900 zinunulie tiketi ya kwenda Kilimanjaro mkasherehekee.

Dakta wa Bara, 10 Novemba

Mama Neema, nimesoma Muhimbili miaka mingi iliyopita, nimefanya kazi hapa Marekani kwa muda mrefu, na kwa misimu tisa sasa nimekuwa msaili wa kujitolea katika chuo kimoja cha serikali ambacho sitakitaja. Nitajibu kwa kadiri ninavyojua, lakini itanibidi nianze kwa kuivunja hesabu ya ndugu Kikokotoo.

Sarafu ikirushwa mara tatu, mrusho wa pili haujui kilichotokea katika wa kwanza. Usaili wa aina hii hauko hivyo, kwa sababu anayehudhuria yote mitatu ni binti yuleyule. Kama ana tabia ya kutazama pembeni anapomaliza kujibu, atakwenda nayo kwa Zoom ya kwanza, ya pili, na hata kule atakakokwenda kwa gari. Vivyo hivyo, akiwa na jambo linalowavutia watu, litawavutia kote. Kwa hiyo kuzidisha nusu kwa nusu kwa nusu kunatoa namba nzuri ya kumtuliza mzazi, lakini namba hiyo haina msingi.

Msingi uko hapa. Kila mwaka waombaji takriban 52,000 huomba vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari ya M.D., na wanaoanza masomo ni takriban 23,000. Zaidi ya nusu ya waombaji hubaki bila chuo. Chama cha vyuo hivyo, AAMC, huchapisha jedwali linalopanga waombaji kwa GPA na MCAT, na katika kundi la Neema, yaani GPA kati ya 3.60 na 3.79 na MCAT kati ya 510 na 513, wanaopata angalau chuo kimoja ni zaidi kidogo ya nusu. Wanaoanza masomo, kwa wastani, wana MCAT ya karibu 512 na GPA inayokaribia 3.8. Binti yako yuko chini kidogo ya wastani huo, lakini hayuko mbali nao.

Hiyo, hata hivyo, ni hesabu ya mtu ambaye hajaitwa popote, na Neema ameshaitwa. Vipo vyuo vinavyopokea maombi zaidi ya 10,000 kwa nafasi zisizozidi 200 hivi, na vikaita watu mia kadhaa tu. Chekeche lenye matundu madogo kuliko yote ni lile la kuitwa, nalo amelipita mara tatu. Baada ya usaili, kutegemea chuo, wanaopewa nafasi wanaweza kuwa theluthi moja, nusu, au hata zaidi ya nusu ya waliohojiwa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo usikubali mtu akupe namba moja ya vyuo vyote. AAMC wana hifadhidata iitwayo MSAR, inayolipiwa kwa mwaka, ambayo huonyesha kwa kila chuo ni wangapi waliohojiwa na wangapi walioanza masomo, wakazi wa jimbo wakitenganishwa na wasio wakazi. Isome kwa uangalifu, kwa kuwa walioanza masomo ni wachache kuliko waliopewa nafasi. Tuseme chuo kimehoji watu 600 ili kijaze viti 150: hakitatoa barua 150, kwa sababu kinajua kwamba wengi wa kiliowachagua wamechaguliwa kwingine pia. Kinaweza kutoa 300. Na kama kimojawapo cha vyuo vyako ni cha serikali ya Ohio, ukaazi wenu wa jimbo una uzito mkubwa kuliko pointi mbili za MCAT.

Tarehe nazo zina maana. Vyuo vya M.D. huruhusiwa kutoa nafasi kuanzia tarehe 15 Oktoba, na vingi hutoa kidogo kidogo kadiri msimu unavyokwenda. Anayehojiwa Novemba anagombea viti ambavyo vingi bado viko wazi, ilhali wa Machi mara nyingi anagombea mahali katika orodha ya kusubiri. Kama Neema amepewa tarehe za kuchagua, achague iliyo karibu, mradi awe amejiandaa.

Sasa nije kwenye lile ulilolieleza kwa sentensi moja ukapita, la jicho analokutupia. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko MCAT yake.

Msaili haamui peke yake. Baada ya kuagana na mwombaji, mimi huandika ripoti ya nusu ukurasa au ukurasa mzima, kisha ripoti hiyo inakwenda kwenye kamati ya udahili ambako watu kumi na kitu ambao hawajawahi kumwona mwombaji huyo watapiga kura. Kwa hiyo ninachohitaji katika ile nusu saa ni cha kuandika. Nikimaliza mazungumzo na karatasi yangu ina maneno "mpole, mwenye heshima, anapenda kusaidia watu", siwezi kumtetea, kwa kuwa maneno hayo nimeyaandika kwa waombaji wote wa wiki hiyo.

Watoto wetu wanaumia hapa, nami husema hivi nikiwa mmoja wa waliolelewa hivyo. Tumefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hajisifu mbele ya wakubwa, na kwamba kazi njema husemwa na wengine. Niliwahi kumsaili kijana wa wazazi wa kutoka kwetu aliyeniambia, "Tulikuwa tunapima shinikizo la damu msikitini na kanisani, tukapata wagonjwa wengi wasiojua hali zao." Nikamuuliza, "Wewe ulikuwa unafanya nini?" Akasema, "Tulikuwa tunagawana kazi." Niliuliza mara ya tatu ndipo nikajua kwamba ni yeye aliyeanzisha mpango wote, aliyeomba mashine, na aliyemfuata nyumbani mzee mmoja ambaye kipimo chake kilikuwa cha kutisha. Mimi nilijua kuuliza mara tatu kwa sababu najua tulivyolelewa. Msaili mwingine angeuliza mara moja, akaandika "alishiriki", akaendelea na swali la pili.

Kuhusu faili: uliza kila chuo kama wasaili wake huona maombi yote au huona jina tu. Vyuo vingine humficha msaili alama na hata insha. Mwombaji anayesema "kama mlivyoona katika insha yangu" mbele ya mtu ambaye hajaiona amepoteza nafasi ya kulisimulia jambo lake bora.

Mkufunzi wa dola 900 mwacheni. Ofisi ya ushauri ya chuo alikosoma shahada ya kwanza kwa kawaida huwapa hata waliokwisha kuhitimu usaili wa majaribio bila malipo. Akishamaliza huko, atafute mtu mzima asiyemjua, kwa mfano muuguzi mkuu wa mahali unapofanya kazi, amhoji kwa dakika ishirini. Wewe, mama, usimhoji tena. Hufai kazi hiyo kwa sababu moja tu, kwamba wewe ndiye anayeombwa ruhusa.

Kuhusu swali lako la tatu: tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku vyuo kuipa rangi ya mwombaji uzito katika udahili. Hukumu hiyohiyo iliacha nafasi kwa mwombaji kueleza mwenyewe jinsi asili yake ilivyoathiri maisha yake, na chuo kikapima ushupavu au uwezo unaoonekana katika maelezo hayo. Kwa hiyo, kuwa mtoto wa wahamiaji si alama ya ziada. Aliyekuwa akimtafsiria bibi yake hospitalini tangu akiwa na miaka kumi na mbili ana jambo la kusema, iwapo atalisema.

Mwana wa Likoni, 11 Novemba

Shikamoo Dakta. Shikamoo Mama Neema. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari katika jimbo la kusini. Nilizaliwa Mombasa na kuja huku nikiwa na miaka tisa. Naomba kuongezea kuhusu usaili wa vituo, maarufu kwa herufi MMI, kwa sababu huenda mmojawapo kati ya ile miwili ya Zoom ukawa wa namna hiyo na Neema akashtuka.

Katika MMI hakuna msaili mmoja wa kuzoeana naye. Kuna vituo kati ya vitano na kumi. Kule nilikohojiwa ana kwa ana kulikuwa na ukumbi mrefu wenye milango nane, na kila mlango ulibandikwa karatasi iliyogeuzwa. Kengele ilipolia tulizigeuza, tukapewa dakika mbili za kusoma. Kengele ikalia tena, tukaingia ndani kwa dakika nane. Karatasi yangu ya kwanza ilisema hivi: mwanafunzi mwenzako, ambaye mko naye wodini, amekuja asubuhi akinuka pombe, ingia uzungumze na msaili.

Niliingia nikiwa nimehifadhi kanuni nne za maadili ya tiba kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi sura za Kurani: uhuru wa mgonjwa, kutenda mema, kutodhuru, na haki. Nilizitoa zote kwa muda usiofika dakika tatu. Msaili, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Yuko hapo mlangoni sasa hivi, amevaa koti lake jeupe. Unamwambia nini?" Sikuwa na sentensi hata moja. Dakika tano zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko kivuko cha Likoni siku ya foleni.

Chuo hicho kilinikataa. Kwenye usaili wa chuo cha pili nilikuwa nimeshajifunza kuanza na maneno ambayo ningeyatamka kweli, yaani "Ndugu yangu, toka kwanza tuongee hapa nje kabla hujamgusa mgonjwa", halafu ndipo nieleze kwa nini, na nitamwambia nani baadaye. Chuo hicho kiliniweka kwenye orodha ya kusubiri kuanzia Februari, na kiliniita wiki ya pili ya Juni wakati nimeshaanza kujaza maombi ya mwaka uliofuata.

Faida ya MMI, ambayo sikuijua siku ile, ni kwamba kituo kikikuharibikia hakiendi nawe mlango unaofuata. Yule mama wa miwani alinipa alama yake, na msaili wa mlango wa pili hakujua chochote. Neema asiingie kituo cha tano akiwa bado anakililia cha pili.

Kwa Zoom, abandike kipande kidogo cha karatasi ya rangi kando ya kamera, atazame hapo. Ni jambo dogo, lakini mtu anayeitazama sura ya msaili kwenye skrini huonekana upande wa pili kama anatazama chini, na kwa mtoto aliyelelewa kwa adabu zetu inakuwa chini mara mbili.

Kikokotoo, 11 Novemba

Nimekubali kurekebishwa kuhusu sarafu. Lakini sasa naomba Dakta anijibu, maana nimekwenda kusoma na nimerudi na hasira.

Mwaka 1979 chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Houston kilikuwa kimeshachagua wanafunzi wake 150 wakati bunge la jimbo lilipokiamuru kiongeze wengine 50. Kilikuwa kimewahoji watu 800 na kuwapanga kwa cheo. Waliobaki bila chuo wakati huo walikuwa wale wa mkiani, kati ya cheo cha 700 na 800, kwa hiyo hao ndio waliochukuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 katika jarida la tiba la JAMA: hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili, si darasani, si wodini, si katika idadi ya walioacha masomo. Na sehemu kubwa ya kilichowatenganisha wa juu na wa chini tangu mwanzo ilikuwa ni maoni ya wasaili.

Si hilo tu. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Kanada walichapisha uchambuzi wa usaili wa waombaji karibu 3,000 katika Chuo Kikuu cha Toronto, wakaona kwamba waliohojiwa siku za mvua walipewa alama pungufu kidogo kuliko waliohojiwa siku za jua. Yaani mtoto wa watu amesoma miaka minne, mzazi amelipa dola 3,000, halafu anakwamishwa na wingu! Huo si usaili, ni kupiga ramli.

Dakta wa Bara, 12 Novemba

Ndugu Kikokotoo, hasira yako ina haki yake. Habari ya Houston naifahamu, na katika chuo chetu huwa tunaisoma kwenye mafunzo ya wasaili wapya ili kuwapunguzia majivuno. Nakubali kwamba usaili wa kizamani, wa mtu mmoja anayezungumza na mtu mmoja kwa lolote linalomjia, hupima zaidi kama wamependana.

Lakini Houston ndiyo iliyowafanya watu watafute njia nyingine. Huo usaili wa vituo alioueleza kijana wa Likoni ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2004. Wazo lenyewe ni la kihesabu, utalipenda: badala ya kupata maoni ya mtu mmoja kwa dakika themanini, chukua maoni ya watu kumi kwa dakika nane kila mmoja. Upendeleo wa mmoja unafunikwa na wa wengine, na kama kuna aliyeamka na mafua siku hiyo, ni mmoja katika kumi. Mwaka 2012 wabunifu hao walichapisha matokeo ya kufuatilia waombaji wao hadi mitihani ya leseni ya taifa. Waliochaguliwa kwa njia hiyo walifanya vizuri kuliko wale ambao McMaster iliwakataa wakasoma vyuo vingine vya Kanada. Kwa hiyo kuna usaili na usaili.

Nakupa na jambo moja zaidi la kukukasirisha. Houston pia inaonyesha kwamba kati ya waombaji waliokwisha kuchujwa kwa alama, karibu wote wanaweza kuwa madaktari wazuri. Mimi naamini hivyo. Wengi ninaoshuhudia wakikataliwa si kwa sababu hawafai, bali kwa sababu viti vimekwisha. Hili humsaidia Mama Neema siku barua mbaya ikija, lakini halimsaidii binti kujiandaa, kwa hiyo siku ya usaili asiwe nalo kichwani.

Dodoma PCB, 12 Novemba

Shikamooni wakubwa. Mimi niko kidato cha sita hapa Dodoma na ninatamani kusoma udaktari huko Marekani moja kwa moja. Je, nami nitahojiwa?

Dakta wa Bara, 12 Novemba

Marahaba kijana wangu. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo ni miaka minne ya shahada, kisha minne mingine. Vyuo vingi havipokei watu ambao si raia wala wakaazi wa kudumu, na miongoni mwa vichache vinavyowapokea, baadhi hudai fedha za ada ziwekwe benki mapema. Nyumbani utasoma miaka mitano, ukafanya utarajali mwaka mmoja, ukawa daktari wakati mwenzako wa huku bado yuko masomoni. Faulu PCB yako kwanza. Kuja huku kwa masomo ya ubingwa ni mazungumzo ya uzi mwingine.

Baba Imani, 13 Novemba

Mama Neema, sisi yalitukuta mwaka juzi. Mwanetu alipata usaili mmoja tu wa M.D. na akakosa. Kosa letu lilikuwa kudharau vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada nyingine ya udaktari iitwayo D.O., kwa sababu mjomba mmoja alituambia hao ni wakanda misuli. Mwaka wa pili aliomba vyote pamoja na sasa yuko chuo cha D.O. Uliza watu wanaojua kabla hamjapuuza.

Dakta wa Bara, 13 Novemba

Baba Imani amesema kweli. Daktari mwenye D.O. hapa Marekani ana leseni kamili ya kutibu, kupasua na kuandika dawa, na tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya M.D. na D.O. yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Bosi wangu wa chumba cha wagonjwa mahututi ni D.O. Maombi yao hupitia mfumo wa AACOMAS, na vyuo kadhaa bado vinapokea mwezi huu. Kwa alama za Neema, ningemshauri aombe vitatu au vinne wiki hii hii, asisubiri majibu ya vile vitatu. Angalizo: usaili wao huuliza kwa nini umechagua osteopathia, na anayejibu kwamba aliogopa kukosa M.D. huwa amejimaliza mwenyewe. Akae siku moja au mbili kazini na daktari wa D.O. kabla ya kuandika insha hiyo.

Mama Neema, 2 Mei

Wanajukwaa, niliahidi kurudi. Nawashukuru wote, hasa Dakta na kijana wa Likoni, ambaye kipande chake cha karatasi bado kimebandikwa kwenye kompyuta ya binti yangu, cha rangi ya chungwa.

Usaili wa kwanza wa Zoom ulikuwa wa mtu mmoja, na jibu la kukataliwa lilikuja Desemba kabla ya Krismasi. Wa pili ulikuwa wa vituo sita. Alitoka akisema viwili vilimshinda, na Februari wakamweka kwenye orodha ya kusubiri.

Ule wa ana kwa ana nilimpeleka mimi mwenyewe, nikabaki kwenye maegesho saa tano nzima nikisoma ujumbe wenu upya. Alihojiwa na daktari mzee wa watoto ambaye hakuwa na faili lake. Akamuuliza habari za kazi, Neema akamsimulia nyumba ya wazee, ambako huwa ananisaidia zamu za Jumamosi: kwamba kulikuwa na bibi mmoja aliyekataa kula kwa siku mbili, na ni yeye aliyegundua kwamba meno yake ya bandia yalikuwa yamebadilishwa na ya jirani yake. Aliniambia kwamba alianza kusema "tuligundua", akanyamaza kidogo, akasema "mimi niligundua". Daktari akauliza binti wa yule bibi aliambiwa nini, naye akamrudishia maneno aliyomwambia, moja baada ya jingine. Alitoka anacheka. Machi wakamweka kwenye orodha ya kusubiri nao pia.

Aliomba vyuo vinne vya D.O. wiki ileile aliyoshauri Dakta. Viwili vilimwita Januari, kimoja kikampa nafasi mwishoni mwa Februari, na tumelipa amana ya dola 1,500 isiyorudishwa. Baba yake hakufurahi. Nilimwonyesha ujumbe wa Baba Imani na jibu la Dakta, akasoma mara mbili, akauliza huyo bosi wa wagonjwa mahututi ni wa hospitali gani.

Juzi, tarehe 30 Aprili, ilikuwa siku ambayo waliopata nafasi za M.D. zaidi ya moja walitakiwa kubaki na moja, kwa hiyo nasikia orodha za kusubiri zinaanza kusogea sasa. Neema ameviandikia vyuo vyote viwili barua fupi ya kueleza aliyoyafanya tangu usaili, na kwa kile cha yule daktari mzee ameongeza kwamba akipewa nafasi ataikubali. Barua pepe anaifungua yeye mwenyewe. Mimi nimepigwa marufuku kuuliza mpaka Juni iishe.

Mwana wa Likoni, 2 Mei

Mama, mimi waliniita kwa simu, saa mbili asubuhi, kwa namba nisiyoijua. Mwambie asizime simu, na namba ngeni azipokee.